Abiria Wote ni Farumi

Watu wa Kitengela upepo tunaujua. Kuanzia Desemba, ule ambao watu wa pwani huuita kaskazi huvuka nyanda za Kaputiei ukitujazia vumbi kwenye nguo tulizoanika. Huko Kipeto, ndani ya kaunti yetu ya Kajiado, mitambo 60 huusubiri ili izalishe umeme wa megawati 100. Tusichokijua ni kusafiri nao. Hilo nililitazama Lamu kutwa nzima, mimi na marafiki zangu, tulipokodi mashua itupeleke kisiwa cha Manda Toto na kuturudisha.

Nahodha hakutuuliza tunataka kuondoka saa ngapi, alitwambia. Njia ya kwenda huko hupita Mkanda, mlango mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara, wenye mikoko pande zote mbili. Maji yakipwa, chombo hukwama kwenye matope. Siku ile maji yangejaa karibu na adhuhuri. Kwa hiyo tulipaswa kuingia Mkanda yakiwa yanapanda, na kutoka kabla hayajashuka sana. Chakula, kuogelea na picha zetu vilipangwa katika muda uliobaki katikati.

Tanga lilikuwa limekunjwa kando ya foromali, boriti inayolibeba, na kufungwa kwa vipande vya miyaa. Mabaharia wawili walivuta henza, kamba ya kuipandisha, mpaka foromali ikafika juu ya mlingoti, na tanga bado limefumba. Kisha mmoja akavuta demani, ile kamba ya pembe ya nyuma ya tanga. Miyaa ikakatika kipande kimoja baada ya kingine, tanga likajaa upepo na mashua ikaondoka. Hakuna aliyelazimika kupanda juu kufungua chochote. Na ile demani haikupigwa fundo. Kijana aliizungusha mara moja kwenye taruma, mbao ya ndani ya chombo, akaishika ncha yake mkononi, tayari kuiachia upepo ukizidi. Tangu hapo hakuiweka chini.

Kwenda kulikuwa ni kukabili upepo, na hakuna chombo cha tanga kiendacho moja kwa moja dhidi yake. Hapo ndipo kazi ya bisho huanza: kukata upande mmoja, kugeuka, kukata upande wa pili. Katika uwembamba wa Mkanda, kila upande uliisha upesi. Nahodha aliitazama mikoko ikitukaribia bila haraka, huku baharia wa omo, mbele ya chombo, akipima kina kwa upondo. Tulipoanza kuogopa, alisema neno moja tu. Demani ikaachiwa, foromali ikasimamishwa wima karibu na mlingoti, tanga likapitishwa mbele yake hadi upande wa pili, na kamba za kuushikilia mlingoti zikahamishwa. Mwisho tukahamishwa sisi.

“Dada, hamia joshini,” nahodha alimwambia mwenzetu mmoja.

“Joshini ndiyo wapi?”

“Kunakotoka upepo.”

Mashua ndogo huhitaji farumi, uzito wa kuizuia isilale, na mifuko ya mchanga iliyokuwa ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, haikutosha. Sehemu iliyobaki ilikuwa sisi. Nahodha alikuwa ametupima kwa jicho tulipopanda; alijua nani ahame kwanza na nani aachwe katikati. Tuliodhani tumekodi chombo tulikuwa sehemu ya vifaa vyake.

Ujuzi huu ni mkongwe. Katika karne ya 1, mfanyabiashara mmoja aliyeandika kwa Kigiriki alitaja vyombo vya kushonwa vya pwani ya Afrika Mashariki. Mtepe, uliokuwa wa mbao zilizoshonwa kwa kamba na tanga la mkeka, ulisafiri katika visiwa hivi hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Leo mafundi wa Matondoni hutumia misumari, na mashua nyingi zimefungwa injini. Upande wa bara, Ghuba ya Manda ina bandari ya meli kubwa iliyofunguliwa mwaka 2021. Hata hivyo mkono wa kushika demani haujapata mbadala, na haufunzwi kwa kitabu. Mtoto huanza kwa kufua maji ngamani, na miaka hupita kabla hajakabidhiwa kamba, sembuse usukani.

Manda Toto tulikula wali wa nazi na changu wa kuchoma. Bado tulikuwa tukiogelea nahodha alipotuita. Maji yalikuwa yameanza kupwa.

Wakati wa kurudi, kaskazi ilitusukuma kutoka tezi, yaani nyuma. Chombo kilinyooka, mawimbi yakatulia chini yetu, nasi tukadhani kazi imekwisha. Ndipo nahodha akaacha kuzungumza. Upepo wa nyuma ukiruka upande wa pili wa tanga, foromali hupigwa kwa ghafla na yaweza kumwangusha mtu au kuvunja mlingoti. Alitazama ukingo wa tanga, akarudisha usukani kwa upana wa kidole, akatazama tena. Marafiki zangu wakasinzia.

Ukienda Lamu, waachie wenye kamera nafasi ya omo. Keti tezi, karibu na usukani, uitazame mikono ya nahodha wakati ambapo inaonekana haifanyi kitu.