Jasho la Mjumbe Nambari Nne

Wanaoisifu filamu ya 12 Angry Men huanza na Henry Fonda, na hawakosei, maana yeye ndiye anayesimama peke yake mbele ya wajumbe wenzake 11 wa kuamua kesi. Wengine humtaja Lee J. Cobb anavyoichana picha ya mwanawe. Mimi kila nikiirudia filamu hiyo ya mwaka 1957 huwa namsubiri mtu mwingine: E.G. Marshall, mjumbe nambari nne, dalali wa hisa mwenye miwani, asiyevua koti wakati mashati ya wenzake yamekwisha lowa. Ni siku ya joto New York na feni ya ukutani imegoma. Mwenzake mmoja anamwuliza kama hatoki jasho kabisa. Anajibu kwamba yeye huwa hatoki, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa saa.

Kesi yenyewe ni ya kijana wa miaka 18 anayeshtakiwa kumchoma babake kisu. Akitiwa hatiani, anakwenda kwenye kiti cha umeme. Raia 12 wamefungiwa chumbani, na uamuzi wao sharti uwe wa wote. Sisi Tanzania tulichokuwa tumezoea ni wazee wa baraza, waliotoa maoni kisha jaji akayafuata au akayaacha. Pale hakuna jaji wa kutupiwa mzigo. Ndiyo maana kazi yote imewaangukia waigizaji: dakika 96, karibu zote ndani ya chumba kimoja, wanaume wameizunguka meza.

Sasa mtazame Marshall. Anamwona kijana kuwa mwongo kwa sababu alidai alikuwa sinema usiku wa mauaji, halafu polisi walipomhoji hakukumbuka majina ya filamu wala ya waigizaji. Fonda hamjibu kwa hoja. Anamwuliza tu, taratibu, jana usiku ulifanya nini? Na juzi? Wanarudi nyuma hivyo mpaka siku ambayo dalali naye alikwenda sinema. Jina la filamu ya pili analikosea. Waigizaji wanamponyoka. Na huyu hakuhojiwa na polisi huku maiti ya babake ikiwa chumba cha pili. Hapo Marshall anatoa leso na kujifuta kipaji cha uso, mara moja tu. Halalamiki wala hakodoi macho. Mwigizaji mwingine angetuonyesha mtu aliyeshindwa. Marshall anatuonyesha mtu ambaye mwili wake umekiri kabla ya mdomo.

Ugumu wa kazi hiyo unauona vizuri zaidi ukijua ilivyopigwa. Sidney Lumet, ambaye hiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza ya sinema, aliwafanyisha waigizaji mazoezi wiki mbili nzima. Kisha, ili kubana fedha, hakufuata mtiririko wa hadithi: taa zikishaelekezwa upande mmoja wa meza, zilipigwa picha zote za upande huo, za mwanzo na za mwisho, ndipo wakahamia upande mwingine. Kwa hiyo mtu aligombana leo, na uso wa mgomvi wake ukapigwa siku kadhaa baadaye. Hasira ilibidi itunzwe kwa kipimo kilekile, na jasho la shati pia. Ukiona mtu anamsikiliza mwenzake kwa makini pale mezani, huenda anasikiliza mazoezi ya wiki iliyopita.

Nina dosari moja ya kuitaja, na si ndogo. Fonda anakwenda mwenyewe dukani kununua kisu kinachofanana na cha mauaji, kisha anakichomeka mezani. Ni tukio la kusisimua, ila mjumbe wa kweli akifanya uchunguzi wake pembeni anaweza kuivuruga kesi yote. Jaji Sonia Sotomayor wa Mahakama ya Juu ya Marekani ameeleza kwamba filamu hii ilimgusa tangu akiwa chuoni, lakini alipokuwa akiendesha kesi alikuwa akiwaonya wajumbe wasiifuate.

Marshall habadilishwi na kisu, wala na kelele. Anavua miwani na kujisugua pembeni mwa pua, kile kitendo cha mvaa miwani yeyote aliyechoka. Mzee wa meza ile, Joseph Sweeney, aliyewahi kuigiza nafasi hiyohiyo kwenye televisheni mwaka 1954, anayaona yale mabonde mawili mekundu. Anakumbuka kwamba shahidi mwanamke, aliyedai kuyaona mauaji kupitia dirishani akiwa kitandani, alikuwa nayo pia. Dalali anaulizwa kama huwa analala na miwani. Anajibu kwamba hakuna mtu alalaye nayo, na katika kujibu, uso wake unatulia. Sekunde mbili hivi anafikiri mbele yetu. Halafu anasema sasa ana shaka.

Anabaki Cobb peke yake akishikilia hatia, mpaka naye anasalimu amri, analia. Wenzake wanachukua makoti na kutoka. Fonda anarudi kabatini, analeta la Cobb na kumshikia, naye anaingiza mikono bila neno.