Mkuki kwa Nguruwe: Huruma ya Mbali na Dungu la Ruvuma

Waswahili husema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Aghalabu methali hii hutumika kumsuta mtu afurahiaye kuumiza na achukiaye kuumizwa, na msutaji akishaitamka huwa amemaliza kazi. Ni nadra mtu kuuliza habari za nguruwe mwenyewe. Walakini methali haikumsahau. Yasema kwamba mkuki ni ule ule mmoja. Kinachobadilika ni nani ameshika mpini na nani ameipokea ncha. Hoja ya kwamba mnyama naye huona uchungu haikuingia Afrika ya Mashariki pamoja na kitabu cha mwanafalsafa Peter Singer cha mwaka 1975, ambacho harakati za haki za wanyama hukihesabu kuwa miongoni mwa misingi yake. Ilikuwamo vinywani mwa watu kabla ya hapo.

Sarufi nayo yashuhudia. Katika Kiswahili mnyama hakuwekwa katika kundi moja na kiti na jiwe. Mtoto amekuja, simba amekuja. Mama analia, mbuzi analia. Kiti ni kile, lakini hata chawa ni yule. Lugha iliyompa mdudu upatanisho wa kiumbe hai haihitaji kufundishwa kuwa mnyama ana nafsi. Hivyo huruma kwa mnyama si mgeni katika nchi hizi. Mgeni ni huruma ya namna nyingine, ile itokayo miji ya mbali ikaelekezwa kwa mkulima wa mkoa kama Ruvuma, ambaye haikumuuliza kitu. Kasoro yake si kumpenda mnyama. Kasoro yake ni kwamba gharama ya mapenzi hayo hulipwa na mtu mwingine, kisha mtu huyo huachwa nje ya hadithi.

Atokaye Songea kwa barabara ya mashariki hupita Namtumbo, kisha hufika Tunduru. Huko, mahindi na mpunga yakaribiapo kukomaa, mkulima huhamia shambani. Hujenga dungu, jukwaa la miti lililoezekwa nyasi, akalala humo usiku hata usiku, yeye na pengine mkewe na wanawe, akipiga debe na kukemea gizani. Anayemkemea ni nguruwe mwitu, awezaye kufuta jasho la msimu mzima kwa usiku mmoja. Na nyuma ya nguruwe huja mwingine.

Mwaka 2005 Craig Packer na wenzake, wakiwamo Watanzania Dennis Ikanda na Bernard Kissui, walichapisha katika jarida la Nature hesabu ya watu walioshambuliwa na simba nchini Tanzania tangu mwaka 1990. Waliouawa hawakupungua 563, na waliojeruhiwa hawakupungua 308, sehemu kubwa katika wilaya za kusini. Watafiti hao waligundua kwamba mashambulizi huzidi majira ya mavuno, na kwamba yanahusiana na wingi wa nguruwe mwitu. Simba hakuanza kwa kumfuata mkulima. Simba alimfuata nguruwe, nguruwe aliyafuata mahindi, na mwisho wa njia hiyo palikuwa na dungu na mtu amelala. Katika wilaya kama Tunduru, yenye Waislamu wengi wasiokula nguruwe, hata nyama ya huyo mharibifu si faida kwa anayemuua. Mkulima humwinda kwa kuwa hana budi. Huyu ndiye mkuki wake hauna utamu wowote, na ndiye ahukumiwaye kwanza.

Mwezi wa Julai 2015 daktari wa meno Mmarekani, Walter Palmer, alimuua simba karibu na hifadhi ya Hwange nchini Zimbabwe. Simba huyo alikuwa na jina, Cecil, na shingoni alivaa kola ya watafiti wa Oxford. Dunia ikalia. Watu wakaweka wanasesere wa wanyama mlangoni mwa zahanati ya daktari yule, na mwezi uliofuata sura ya Cecil ikamulikwa juu ya ukuta wa jengo la Empire State mjini New York. Mwanafunzi mmoja Mzimbabwe aliyekuwa akisoma Marekani, Goodwell Nzou, alithubutu kuandika katika gazeti la New York Times kwamba kijijini kwao kufa kwa simba ni furaha, kwa kuwa simba ni hofu ya usiku. Wengi walimshangaa, kana kwamba amesema jambo lisilosemeka.

Tofauti iliyo wazi hapa ni ya jina na hesabu. Mnyama mmoja wa Hwange alipewa jina, umri, ukoo na wasifu. Waliouawa tangu mwaka 1990 walipewa tarakimu tatu. Mshairi yeyote ajua maana ya tofauti hiyo. Maombolezo hayatungwi kwa tarakimu. Apewaye jina huliliwa, na asiye na jina huingizwa katika jedwali. Haki ya kuliliwa ndiyo haki ya kwanza ambayo harakati hizi zimemgawia simba, na ndiyo ambayo mkulima wa Ruvuma hajaipata kwao.

Lakini lawama isiwaangukie wageni peke yao, kwani lugha ya hifadhi iliyotumika nchini kwa Kiswahili nayo ina mengi ya kujibu. Neno la kwanza ni jangili. Wajuzi wa asili za maneno huliunganisha na neno la Kihindi lihusulo mwitu na ushenzi, na katika Kiswahili limebeba maana ya mtu katili na mhalifu sugu. Leo mtu huyo ndiye ategaye nyaya porini apate ndimba wa kitoweo. Atokaye ng'ambo na bunduki ya darubini, akalipa maelfu ya dola kwa ajili ya simba mmoja, huitwa mwindaji na hupokewa uwanja wa ndege. Mnyama ni yule yule na kifo ni kile kile. Kilichotofautiana ni stakabadhi.

Neno la pili ni nyara. Mwanakijiji akutwaye na mguu wa pofu hushitakiwa kwa kupatikana na nyara za Serikali. Nyara, kama ajuavyo kila msomaji wa tenzi za vita, ni mali itekwayo kwa adui. Basi swali halikwepeki: ni vita gani vilivyopiganwa, na ni nani aliyeshindwa?

Songea ina jibu lake. Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya kudhibiti uwindaji katika koloni na kutenga maeneo ya wanyama, moja likiwa upande wa Rufiji. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vikazuka, na Wangoni wakaingia. Tarehe 27 Februari 1906 mashujaa wao walinyongwa Songea, na mahali hapo leo pana makumbusho. Wajerumani hawakuridhika na kitanzi. Walichoma maghala na mashamba, njaa ikafuata, na wako wanahistoria wanaokisia kwamba waliokufa kusini kwa vita na njaa wanazidi 200,000. Mahame yakaota kichaka. Kichaka kikaleta ndorobo. Ndorobo wakawazuia watu kurudi, na wanyama wakaenea. Miaka ya 1940 serikali ya Kiingereza ikawahamisha watu wa Liwale kwa hoja ya ugonjwa wa malale, na pori la akiba likapanuliwa juu ya makazi yao. Hilo ndilo pori ambalo vitabu vyenye picha nzuri huliita nyika isiyoguswa na binadamu. Iliguswa, tena sana. Aliyeigusa aliondolewa.

Tena pori hilo lilipewa jina la nani? Mwaka 1922 liliitwa Selous, kwa heshima ya Frederick Selous, aliyeuawa vitani Beho Beho tarehe 4 Januari 1917. Huyu alikuwa mmoja wa wawindaji mashuhuri wa zama zake, na umaarufu wake ulitokana na wanyama aliowaua. London ilimwekea sanamu katika jumba la makumbusho ya viumbe. Katika mwaka 1961 huo huo ambao shirika la WWF liliundwa, Prince Philip wa Uingereza alimpiga risasi chui-milia huko India mwezi wa Januari, na kabla ya mwaka kwisha akawa rais wa tawi la Uingereza la shirika hilo. Wahifadhi hawa si watu wale wale wa haki za wanyama. Hawa wa pili hulaani kila uwindaji, wa kwanza waliufanya. Kwa aliye kitako dunguni tofauti hiyo ni ndogo, kwa sababu wote wawili humwambia neno moja: weka mkuki chini.

Neno la tatu ni zuri kuliko yote, na ndilo lenye kuumiza zaidi. Kanuni za mwaka 2011 hazikutaja fidia kwa aliyedhuriwa na mnyama mkali. Ziliweka kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa uhai. Kifuta machozi cha mtu aliyeuawa kilikuwa shilingi 1,000,000. Lugha hapa imefanya kazi ya wakili. Fidia hukiri deni, ilhali leso hukiri huruma tu. Na machozi yakishafutwa, haitarajiwi yatiririke tena.

Yafaa kusemwa vilevile kwamba waliodai ulinzi wa wanyama hawakudai kwa jambo la kubuni. Katika Selous tembo walikisiwa kuwa 109,000 hivi mwaka 1976. Mwaka 2013 walisalia 13,000 hivi. Mwaka uliofuata UNESCO ililitia pori katika orodha ya urithi ulio hatarini. Maangamizi hayo hayakufanywa na mtego wa ndimba wala debe la dunguni. Yalifanywa na biashara yenye fedha, bunduki na bandari. Na wa pwani hawana pa kujificha: pembe za bara ya kusini zilishuka Kilwa, zikavuka Unguja, zikaenda hadi Connecticut kuwa vibao vya piano. Majumba ya mawe yanayosifiwa katika mashairi yana deni porini. Anayemsuta mgeni kwa unafiki akiwa Forodhani hana budi aanze na kizingiti chake.

Lakini kipimo cha huruma ni ukaribu, na kwa kipimo hicho harakati hizi hupwaya. Machi 2023 Baraza la Makabwela la Uingereza lilipitisha mswada wa kuzuia nyara za uwindaji kuingizwa nchini humo. Mswada ukakwama katika Baraza la Malodi. Mwaka uliofuata waziri mmoja wa Botswana akajitolea kupeleka tembo 10,000 katika bustani ya Hyde Park, na Rais Masisi akaahidi wengine 20,000 kwa Ujerumani. London na Berlin zilicheka. Hazikupaswa, kwani kicheko kilikuwa ndilo jibu: kila mtu ajua tembo hawezi kuwekwa karibu na watoto. Huko huko Ujerumani, Septemba 2022, mbwamwitu alimuua farasi mdogo wa Ursula von der Leyen, rais wa Kamisheni ya Ulaya. Farasi huyo naye alikuwa na jina, Dolly. Desemba 2024 nchi za Mkataba wa Bern zilikubali kumshusha mbwamwitu daraja la ulinzi. Watetezi wa wanyama walipinga, na kwa hilo wapewe haki yao, maana walishikilia neno lao hata nyumbani. Lakini wafugaji wa Ulaya walisikilizwa. Waliitwa wafugaji, hakuna aliyewaita majangili.

Namtumbo ina kisa kingine. Vijiji vilivyotenga ardhi yao kwa jumuiya ya wanyamapori ya Mbarang'andu viliahidiwa kwamba mnyama atawalipa, na mlipaji katika mapori ya kusini, ambako watalii wa kamera ni wachache, ni mwindaji wa kitalii. Anayetaka uwindaji huo ufungwe ana hoja ya maadili isiyodharauliwa, lakini na aseme nani atalipa pengo. Na mwaka 2012, katika wilaya hiyo hiyo, Kamati ya Urithi wa Dunia iliridhia mpaka wa Selous usogezwe ili urani ya Mto Mkuju ichimbwe. Mpaka usiosogea kwa ajili ya shamba la mahindi ulisogea kwa ajili ya urani.

Kwa hiyo dai la haki za wanyama halishindwi kwa kusema kwamba mnyama hana haki. Mswahili hawezi kulisema hilo bila kuvunja sarufi yake. Linashindwa pale linapomtoa mtu katika ngeli aliyoshirikiana na simba, likamfanya kitu: kizuizi, tishio, idadi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na dungu ni kitanda kisicho na ukuta. Mtunzi wa pwani atakaye kumlilia simba, na amlilie, kwani simba astahili. Ila shairi likikamilika na ndani yake mwituni mote hamna debe linalopigwa usiku, wala mtoto anayeambiwa asishuke mpaka kupambazuke, basi shairi hilo limetungwa na aliyeshika mpini.