Jicho la Mtunzi na Ukingo wa Picha

Katika mijadala ya fani, mpiga picha husemwa kuwa na "jicho" kana kwamba alizaliwa nalo. Dai hili halitofautiani na la wale wanaoamini kuwa malenga hupata mizani bila kuhesabu. Tunalikataa, na mfano wetu ni picha aliyoipiga Mfaransa Henri Cartier-Bresson mwaka wa 1932 nyuma ya kituo cha reli cha Saint-Lazare, Paris.

Mwanamume anaruka dimbwi. Kisigino chake kinakaribia maji lakini hakijayagusa. Taswira yake imepinduka majini. Nyuma yake, kwenye bango lililobandikwa, mchezaji ngoma amepaa kwa mkao kama wake, ila ameelekea upande wa pili. Hii ni takriri kamili: mruko unarudi kama kina kinavyorudi. Hata hivyo, bango hilo halikuwekwa na mpiga picha. Alichofanya ni kulitambua kwa wakati, na utambuzi huo una historia: miaka ya 1927 na 1928 alisomea uchoraji kwa André Lhote, mwalimu aliyesisitiza mno jometri. Jicho lililofyatua kamera lilikuwa limekwisha kufunzwa na brashi.

Mwenyewe alishikilia kuwa picha itungwe kamerani, isikatwe baadaye. Lakini hii, ambayo ni miongoni mwa picha zake mashuhuri kabisa, ilikatwa! Ilipigwa kupitia mwanya wa uzio, na ubao ulioziba upande wa kushoto ukaondolewa. Kwa maoni yetu kosa halimo katika mkato (mtunzi gani hafuti?) bali katika nadharia inayouficha.

Lipo suala zito zaidi. Cartier-Bresson alikiri kuchochewa na picha ya Martin Munkácsi wa Hungaria, ya takriban mwaka wa 1930: watoto watatu wa Kiafrika, wanaoonekana kwa nyuma, wakikimbilia mawimbi, miili yao myeusi dhidi ya povu jeupe. Picha hiyo inajulikana kwa jina la Ziwa Tanganyika, ingawa pengine huorodheshwa kuwa ya Liberia. Umbali kati ya mahali hapo pawili ni wa bara zima, na bado sifa ya picha haikutikisika. Umbuji wake uliyatosheleza macho kiasi kwamba wengi hawakujali ni maji gani yale. Mhakiki anayesifu mpangilio wa miili hiyo mitatu bila kuuliza watoto wale walikuwa akina nani amesoma fani tu, na hata hiyo ameisoma nusu, kwa kuwa kuwapiga kwa nyuma, bila nyuso, nako ni uamuzi wa utunzi.