Mamia ya Sauti, Filamu Tano

Filamu ya Stories of Our Lives ilianzia masikioni. Mwaka 2013, wasanii wa The Nest Collective wa Nairobi walizunguka nchi wakirekodi simulizi za Wakenya wanaopenda watu wa jinsia yao: kujitambua ungali kijana, kupenda kwa siri, kufukuzwa nyumbani, kupokewa na marafiki wakawa ndugu. Walikusanya mamia.

Kisha wakayaondoa majina. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kinataja kifungo cha miaka 14 kwa ngono ya jinsia moja, kwa hiyo jina likivuja, mtu ameangamia. Kufuta jina ni kazi ya dakika moja. Kumficha mwenye simulizi huku ukibakiza kigugumizi chake, kicheko chake na pale alipokata maneno, huo ndio ufundi, nao hautaki pupa.

Uandishi ukafuata. Jim Chuchu na Njoki Ngumi walichambua rundo lile kama mtu achaguaye mchele, hadi zikabaki filamu fupi tano. Katika moja, Patrick anaigundua baa ya watu kama yeye, na rafiki yake wa chanda na pete anamgeuka. Katika nyingine, Ray na Athman, wafanyakazi wa shambani, wanabeba urafiki ambao mmoja wao anautaka uwe zaidi.

Chuchu, aliyeongoza, alichagua picha nyeusi na nyeupe. Nairobi bila rangi za matatu! Jicho linakosa pa kukimbilia, linabaki usoni: taya iliyokazwa, jicho lililokwepa. Ukimya unaachwa umalize kazi yake kabla picha haijakatwa. Bajeti ilikuwa dola 15,000 hivi, lakini sioni mahali walipolipua kazi.

Watengenezaji nao walikuwa wamejificha. Septemba 2014, filamu ilipozinduliwa Toronto, Chuchu, Ngumi na mtayarishaji mkuu George Gachara walijitaja hadharani. Wasimulizi wakabaki salama nyuma yao. Oktoba, bodi ya filamu ya Kenya iliipiga marufuku, na Gachara akakamatwa kwa madai ya kurekodi bila leseni. Februari 2015 filamu ikapata tuzo ya jopo katika Tuzo za Teddy, kwenye tamasha la filamu la Berlin.

Simulizi zenyewe zilichapishwa pia kuwa kitabu, kwa jina lilelile. Kitafute, ukisome polepole, kwa subira ileile waliyosikilizia wao.