Mpaka Mmoja, Madaftari Mawili

Mtu akikwambia anatoka Lumuma, muulize ipi. Ipo kata ya Lumuma wilayani Kilosa, mkoa wa Morogoro. Ipo pia kata ya Lumuma wilayani Mpwapwa, mkoa wa Dodoma, jimbo la Kibakwe. Vitunguu vya huku na vya kule vinafungwa lumbesa ileile na kusubiri lori lilelile. Milima ya Rubeho imekatwa na mpaka wa wilaya hizo mbili, na maji yake yanashuka kwenye Kinyasungwe, mto ambao ukifika Kilosa unaitwa Mkondoa, kisha Wami, mpaka Bahari ya Hindi. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mkondoa ulifurika, ukaingia mji wa Kilosa na kuharibu reli ya kati. Anayepanga ardhi ya chini bila kuzungumza na anayepanga ya juu anafanya nusu ya kazi.

Ndiyo maana nawaheshimu sana maafisa mipango wanaokubali kuvuka mpaka wa wilaya yao na kukaa meza moja na wenzao. Sheria imewafungulia mlango. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inatambua mamlaka ya kijiji juu ya ardhi yake, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, Na. 6 ya 2007, inaruhusu vijiji vinavyotumia malisho, msitu au maji kwa pamoja kutengeneza mpango wa pamoja. Lakini sheria haifundishi mkono. Mkono unafundishwa na kazi yenyewe.

Kazi inaanzia mavumbini. Timu ya wilaya, yaani afisa mipango, mpima, afisa mifugo, afisa misitu na afisa maendeleo ya jamii, inafika kijijini na kuomba uwanja mpana chini ya mti. Mama mmoja anamwaga jivu: hiyo ni barabara. Mwingine analaza majani mabichi: msitu. Punje za mahindi ni kaya, kamba ni mto, mawe ni banio na mfereji. Vijana wanachora, wazee wanafuta na kusogeza. Mpangaji mzuri wakati huo hashiki kitu. Anauliza tu. "Mama, kiangazi ng'ombe wanakunywa wapi?" "Babu, kabla mfereji huu haujachimbwa, maji yalikuwa yanapita wapi?" Kila jibu linasogeza kamba kidogo. Mwanafunzi utamjua hapo, kwa kuwa mkono unamwasha: anataka kuurekebisha mto maana ramani ya ofisini inauonyesha umepinda kushoto. Fundi anauacha, anaunakili kwenye bango kitita jinsi wenyeji walivyoulaza, tofauti anaiandika pembeni, na kesho yake anakwenda kuitazama kwa miguu.

Vijiji vikiwa viwili, vya wilaya mbili, kila upande unachora kwao kwanza, halafu wajumbe wanakutanishwa na ramani zinalazwa sambamba. Mara nyingi kipande ambacho upande mmoja umekiita akiba ya mashamba, upande wa pili umekichora kama malisho. Swali la "ni cha nani" likitangulia, kikao kimekwisha. Aliyeiva kazini anauliza miezi: ninyi mnakitumia lini, na wenzenu lini? Inachorwa kalenda ya misimu, na si mara moja imeonekana kwamba watu waliokuwa wakigombania kipande hicho wanakihitaji kwa nyakati tofauti za mwaka. Kilosa inajua kinachotokea wakulima na wafugaji wanapokosa maelewano: Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa.

Kuna sehemu nyingine ya ufundi huu ambayo mwananchi haioni. Ramani za nchi za kipimo cha 1:50,000 zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960. Kifaa cha jipiesi, kisiporekebishwa, kinasoma kwa WGS 84. Nukta ileile ya ardhini, ikiandikwa kwa mfumo huu na ule, inahama kwa takriban mita 300. Kilosa wakitumia mmoja na Mpwapwa mwingine, mpaka mmoja unakuwa mipaka miwili, na katikati unabaki ukanda ambao kila upande utaapa ni wake. Katika bonde la vitunguu, mita 300 ni mashamba ya ukoo mzima. Tena nyuzi 36 za longitudo, zinazotenganisha kanda mbili za gridi ya ramani, zinapita ndani ya mkoa wa Dodoma: jiji la Dodoma liko kanda ya 36 ya gridi, Lumuma iko kanda ya 37. Kwa hiyo kabla gari halijawashwa, timu mbili zinakaa na kukubaliana mfumo, kanda, na jina la kila mto, kwa sababu kijito kimoja huweza kuwa na jina lake kila ng'ambo. Kikao hicho hakipigiwi picha, lakini mimi nakiona ndicho kiini cha ushirikiano wenyewe.

Kisha mpaka unatembewa. Wazee wa pande zote mbili wanatangulia, watendaji wa vijiji wanafuata na madaftari. Wakifika kwenye mkuyu, mwamba au korongo lililotajwa, wanasimama. Mpima anasoma namba kwa sauti. Mtendaji wa kwanza anaandika, wa pili anaandika, halafu wanasomeana kabla hatua nyingine haijapigwa. Tarakimu iliyokosewa inakamatwa palepale, mashahidi wakiwepo. Penye ubishi, fundi halazimishi. Anaandika "bado", anasonga mbele, na watu wakishakubaliana nukta zilizobaki anawarudisha. Bikoni ya zege inakuja mwisho, baada ya mikutano mikuu ya vijiji vyote kuridhia.

Mfano ninaoupenda uko Kiteto, mkoani Manyara. Vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa viliunganisha malisho yao, zaidi ya hekta 20,000, chini ya mpango mmoja, vikayaita OLENGAPA. Baadaye Engang'uengare nacho kikaingia. Hata hivyo vyote hivyo ni vya wilaya moja. Bonde kama la Lumuma lina halmashauri mbili, mikoa miwili, bajeti mbili, na muhtasari unaopanda ngazi mbili tofauti. Upande wa maji njia imeshaonyeshwa, kwani Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu inafuata mto, haifuati wilaya. Kwenye ardhi, kinachoziba pengo ni maafisa wenyewe: simu wanazopigiana, rasimu wanazotumiana kabla ya vikao, na uvumilivu wa kumngoja mwenzako ambaye bajeti yake haijatoka.

Maafisa nao huhamishwa. Kwa hiyo fundi wa kweli anaandika kijitabu chake cha uwandani kwa mwandiko wa kusomwa na mwingine: nukta, mfumo, kanda, mti uliosimama pale, nani alikuwepo na alitoka upande upi. Nakala moja inabaki Kilosa, nyingine Mpwapwa. Mpango wa kijiji kwa kawaida hutengenezwa kwa miaka 10, na atakayekuja kuupitia upya, awe ametumwa na halmashauri hii au ile, ataweza kuanza kazi asubuhi ileile aliyofika.