Pasi Ilifuata Nini Pale?

Majaji wampe alama wanazotaka na ukumbi upige vigelegele mpaka asubuhi, lakini pasi ile ya nywele haikuwa na kazi pale. Msusi wa meza ya tatu alikuwa ameshalibeba shindano la ususi la Jumamosi kabla hajainyanyua. Alipoinyanyua akaanza kubomoa kwa mkono wake mwenyewe, na kinachonikera zaidi ni kwamba kati ya majaji watatu hakuna hata mmoja aliyekunja uso.

Mlitazama, kwa hiyo kilichotangulia sitakirefusha. Mafuta ya nazi kabla ya maji, sawa. Kichwa mafungu manne, kila fungu na kibanio chake, sawa. Kondishena ya kutosha, mafundo kufunguliwa kwa vidole kwanza ndipo chanuo la meno mapana lipite, kuanzia nchani kupanda kwenye mzizi: safi kabisa. Shampuu kwenye ngozi ya kichwa. Kazi ya mtu aliyefundwa akafundika.

Sasa dakika yenyewe. Binti anayetengenezwa nywele ameketi, stimingi imeshasuuzwa, nywele zimekamuliwa kwa fulana ya pamba badala ya taulo (hongera tena), nazo zimejikunja na kunywea mpaka juu ya masikio, maana ndiyo tabia ya kipilipili kikipata maji. Mtangazaji anasogea na kipaza sauti, anasema watazamaji nyumbani wangependa kuona urefu. Ni hilo tu. Hakuna jaji aliyeagiza, wala urefu haukuwamo kwenye vipengele vya alama tulivyosomewa wote mwanzoni: usafi, afya ya nywele, mtindo wa mwisho. Msusi anagusa utosi kwa mgongo wa kiganja, anaridhika kwamba pamekauka, anachomeka pasi.

Utosini palikuwa pamekauka kweli. Lakini kichwa cha kipilipili hakikauki chote kwa pamoja. Juu kunaweza kuwa kukavu huku kule chini, hasa kisogoni na karibu na ngozi, koili zimebanana na kushikilia maji kwa saa kadhaa. Kamera yenyewe ilituonyesha. Alipofungua kibanio cha kisogoni, fungu lilitoka linang'aa kwa unyevu, na kitambaa alichomfunga binti shingoni kilikuwa na doa la maji ukubwa wa kiganja. Namba nyekundu kwenye mpini wa pasi zilisomeka 230. Akalibana fungu kwenye mzizi, akavuta. Ukasikika ule mlio wa tsss, moshi mweupe ukapanda, na mtangazaji akacheka akisema ni mafuta tu yanaungua, utadhani mafuta kuungua kichwani mwa mtu ni habari njema.

Hayakuwa mafuta peke yake. Maji yakiwa ndani ya unywele na joto kali likaja ghafla, hayapati nafasi ya kutoka taratibu. Yanachemkia humo humo, yanakuwa mvuke, na mvuke unaacha viputo ndani ya unywele. Madaktari wa ngozi huviona viputo hivyo kwa hadubini, na unywele wenye viputo hukatika pale pale vilipo. Halafu kuna keratini, ile protini ambayo ndiyo unywele wenyewe. Ikiwa kavu huvumilia mpaka joto lipite nyuzi 200 ndipo umbo lake lianze kuvunjika. Ikiwa imelowa, huanza kuachia kwenye nyuzi 150 na kitu. Yeye alikuwa na 230 mkononi. Na fungu lile la kisogoni alilipitisha mara tatu, kwa sababu kila pasi ikitoka nchani nywele zilianza kujikunja upya. Zingeacha vipi, na maji bado yamo?

Ile mara ya pili ndiyo iliyopaswa kumshtua. Fundi anayeona fungu linakataa huuliza kwa nini kabla hajaongeza nguvu. Angeweka pasi chini, akachukua draya, joto la wastani, akalikausha fungu lile huku akilinyoosha kwa mkono mpaka likauke hasa. Kisha kinga ya joto, kisha pasi kwenye nyuzi 180 hivi, mkono upite mara moja na basi. Mimi siichukii pasi, ingawa najua barua zitakuja kusema naichukia. Mwenye nywele za asili akitaka kunyoosha mara moja moja kwa sherehe, ana haki yake, na njia ipo. Lakini marudio nimeyatazama kuanzia mwanzo hadi mwisho, na chupa ya kinga ya joto sikuiona mezani wala mkononi.

Haya, tukubali kwamba urefu ulikuwa lazima uonekane. Shika unywele wa mbele kwa vidole viwili, uvute taratibu mpaka ufike begani, uache urudi. Sekunde tatu. Kamera ingeona kila kitu, urefu na mkunjo kwa pamoja, na ule mruko wa kurudi ndio ungekuwa picha nzuri kuliko zote za usiku ule, kwa kuwa unywele unaoruka na kurudi ni unywele mzima. Nywele za namna ile zinaweza kunywea zaidi ya nusu ya urefu wake na zisiwe na kasoro yoyote. Kipengele cha afya ya nywele kilikuwa kinamsubiri hapo, naye akaenda kukichoma.

Na kama alitaka kichwa kizima kinyooke, kuna uzi. Najua nimeusema uzi kwenye safu hii mpaka mhariri amechoka, lakini nitausema tena. Waliolelewa kabla pasi za umeme hazijajaa kila saluni wanakumbuka: jioni, nywele zimepakwa mafuta na zina unyevu kidogo, shangazi amekaa kwenye kigoda na wewe chini kati ya magoti yake, fungu moja dogo linafungwa uzi mweusi kwenye mzizi, kisha uzi unazungushwa ukishuka, mzunguko unafuata mzunguko mpaka nchani, unafungwa. Unalala nao. Asubuhi unafungua, nywele zimenyooka zimekuwa ndefu, ziko tayari kwa twende kilioni, mabutu au afro ya kuchanwa. Umeme haukuguswa.

Shangazi hakuwa na maelezo ya kemia, ila kazi yake ilikuwa kemia tupu. Ndani ya unywele kuna vifungo vya haidrojeni, ambavyo maji huviachanisha na ukavu huvishikanisha upya, katika umbo lolote ambalo nywele zimeshikiliwa wakati zinakauka. Pasi inaviachanisha vifungo hivyo hivyo kwa joto. Uzi unafanya kazi ile ile kwa maji na subira. Tofauti ni kwamba uzi hauwezi kupitiliza mpaka kwenye keratini yenyewe, na pasi inaweza, kama tulivyoona Jumamosi. Uzi una kosa lake moja, nalo liko kwenye mkono wa mfungaji: ukikazwa mno pembezoni mwa paji la uso, nywele za pale zinang'oka, na zikizoea kung'oka hazioti tena. Shangazi wengine walikaza. Wengi hawakukaza.

Nimeambiwa na mtu wa saluni kwamba uzi hauingii kwenye kipindi cha dakika arobaini. Mbona wapishi wa televisheni wanaweza? Wanaweka sufuria jikoni, wanafunua kifuniko cha nyingine iliyoiva tangu asubuhi. Binti angekuja na nusu ya kichwa imefungwa uzi tangu usiku, msusi akaosha nusu iliyobaki mbele yetu, mwisho akafungua uzi, upande mmoja umenyooka na upande mmoja koili tupu. Huo ndio ufundi ninaousubiri kwenye mashindano haya, na bado sijauona.

Mtangazaji naye hakuishia kwenye mafuta. Akatukumbusha kwamba pasi ya nywele aliigundua Madam C.J. Walker. Si kweli, na kila mwaka lazima nilisahihishe hili. Vyanuo vya moto vilikuwa vikitumika Ufaransa karne ya 19. Walker, aliyezaliwa Louisiana mwaka 1867 kwa jina la Sarah Breedlove, alikuwa dobi ambaye nywele zake mwenyewe zilikuwa zinapukutika, na kilichompa utajiri ni marhamu ya ngozi ya kichwa yenye salfa pamoja na kuwahimiza wanawake waoshe vichwa vyao mara kwa mara zaidi. Chanuo la moto lilikuwamo kwenye mfumo wake wa kazi, silifichi. Lakini alianza na ngozi ya kichwa. Kutaja jina lake juu ya fungu linalotoa moshi ni kumwonea marehemu.

Halafu Miriam Makeba, ambaye majaji wetu wanapenda kumtaja wakiwa wamevaa mawigi. Makeba alisimama mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa mwaka 1963 kuzungumzia ubaguzi wa Afrika Kusini, na katika miaka ile ile alikuwa anapanda majukwaa makubwa ya Marekani na nywele zake fupi za asili, hazijanyooshwa. Hakuna aliyemwomba aonyeshe urefu. Au kama aliombwa, hakuonyesha.

Kiu hii ya kuona nywele zimenyooka ndipo tuziamini ni ugonjwa wa zamani na haujaanzia kwenye kipindi chetu. Novemba 2017 jarida la Grazia la Uingereza lilimtoa Lupita Nyong'o kwenye jalada huku sehemu ya nywele zake imefutwa kwenye picha na zilizobaki zimelainishwa. Mwenyewe alilalamika hadharani, mpiga picha akaomba radhi. Pale walau ilikuwa ni picha, nywele zenyewe zilibaki salama kichwani. Msusi wetu alihariri kichwa chenyewe.

Kuna watakaosema afadhali pasi kuliko dawa. Kwa dawa sina ubishi. Ile ya kopo yenye soda kali ina pH inayopita 12, na inakwenda kwenye vifungo vingine kabisa, vya salfa, ambavyo vikivunjwa havirudi hata uoshe mwaka mzima. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2022, uliofuatilia wanawake zaidi ya 33,000, ulikuta waliotumia dawa za kunyoosha zaidi ya mara nne kwa mwaka walipata saratani ya mji wa mimba kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya wasiotumia. Utafiti wa namna hiyo unaonyesha uhusiano, hauthibitishi chanzo, lakini mimi unanitosha. Ila ubaya wa dawa hauitakasi pasi ya nyuzi 230 kwenye nywele mbichi.

Na msinitumie ile chati ya 4A, 4B na 4C. Chati hiyo ilianzishwa na Andre Walker, aliyekuwa msusi wa Oprah, na inakueleza mkunjo ulivyo kwa macho. Haikuelezi unywele unafyonza maji kiasi gani wala unakauka kwa muda gani, na hayo mawili ndiyo aliyohitaji kuyajua msusi wa meza ya tatu. Jaji wa kati alitumia dakika nzima kubishana kama binti ni 4B au 4C wakati kisogo kinafuka moshi.

Jaji huyo huyo ndiye aliyefunga mjadala kwa kusema nywele zitarudi zikioshwa. Kwa pasi iliyopigwa vizuri ni kweli kabisa: maji yanaachanisha vile vifungo vya haidrojeni na koili inarudi kwake. Kwa hili fungu la kisogoni sina hakika hiyo, na kipimo ni rahisi. Binti aoshe kichwa nyumbani bila kupaka chochote, asubiri zikauke zenyewe, kisha alinganishe kisogo na utosi. Pale patakapojikunja, pamepona. Nywele zitakazoning'inia zimelala, au zenye mkunjo karibu na mzizi tu na ncha bapa, hizo hazina stimingi wala mafuta ya kuzirudisha, wachuuzi waseme watakavyo. Azikate kidogo kidogo kila baada ya wiki kadhaa, asizifiche kwa kupiga pasi zilizobaki ili zifanane. Nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi, na fungu lile lilifika begani, kwa hiyo apige hesabu ya zaidi ya miaka miwili kulirudisha lilipokuwa saa moja kasoro jioni ya Jumamosi. Msusi alipata alama tisa kati ya kumi kwenye afya ya nywele.

Raundi ijayo ni ya rasta. Mtanikuta nimekaa karibu na kioo natazama pembezoni mwa paji la uso, na yule wa meza ya tatu, mwenye mikono mizuri kuliko wenzake wote, namwomba apitie uzi na kigoda kabla hajafika ukumbini.