Kebo ya Ungo Haiungwi kwa Tepu

Mlioshuhudia kazi ya Jumamosi juu ya paa la jirani yetu hapa Tanga mnajua nitaanzia wapi. Ungo ulikazwa barabara, LNB, kile kichwa kinachopokea mawimbi mbele ya ungo, ikalengwa vizuri, mawimbi yakapanda. Hapo sina neno.

Kisha kebo ikapelea mita tatu. Fundi akatoa mfukoni kipande chembamba cha kebo ya RG59, akavua ganda kwa meno, akasokota kiini kwa kiini, wavu kwa wavu, akaviringisha tepu nyeusi ya umeme, akashuka. Kazi yote ikaharibikia pale.

Waya wa taa ndio unaoungwa hivyo. Omu 75 za kebo ya ungo zinatokana na nafasi kati ya kiini na wavu, na ile sponji nyeupe imewekwa ishike nafasi hiyo iwe ileile toka mwanzo hadi mwisho. Ukisokota, umeivuruga. Mawimbi yanayoshuka kutoka LNB, kati ya megahezi 950 na 2150, yanagonga hapo na mengine yanarudi yalikotoka. Isitoshe, king'amuzi hupandisha umeme kwa kebo hiyohiyo: volti 13 kwa chaneli za wima, 18 kwa za mlalo. Upepo wa chumvi ukishakula kiungo, zile 18 zinafika juu zimepungua, LNB inadhani imeagizwa wima, na chaneli za mlalo zinapotea. Mwenye nyumba ataambiwa king'amuzi kimekufa, anunue kingine!

Nimelipigia kelele jambo hili tangu zilipoingia koneka za kukaza kwa mkono, na sitanyamaza. Mafundi wa yale madishi makubwa ya wavu ya miaka ya 1990 walipanda na kisu kikali. Walikata ganda bila kuchubua kiini, wakazikunja nyuzi za wavu nyuma zote, maana uzi mmoja ukigusa kiini ni shoti, wakaacha kiini kichomoze milimita mbili tatu nje ya koneka. Chini ya LNB waliilegeza kebo ikaning'inia kama kitanzi, maji ya mvua yadondokee hapo.

Mita tatu zikipelea, inavutwa kebo mpya nzima. Duka likiwa limefungwa, basi koneka mbili za F na kiungio chake, ndani ya nyumba pasipofika mvua. Jirani, mrudishe fundi wako aitoe tepu ile kabla ya masika.